Saa Moja, Mwili Mmoja: Kuifunga Skana ya Lida na Mfumo wa Inesha, Mwongozo kwa Wapimaji wa Meru na Embu

Ukiifungua kwenye kompyuta kazi ya siku nzima uliyoipima garini kutoka Embu hadi Chuka na kurudi, ukakuta nguzo moja ya stima imesimama mara mbili, ya pili shibiri moja kando ya ya kwanza kama pacha wake, usiharakishe kuitukana skana wala kumwandikia barua ya malalamiko aliyekuuzia; maana skana, aghalabu, imesema kweli mara zote mbili, ulipokwenda na uliporudi, na uwongo umeingia kwingine, katika kiungo kilichokusudiwa kuifungamanisha na kile kisanduku kidogo chenye kujua gari lilikuwa wapi, na limeelekea wapi, kila mwali ulipotoka. Mwongozo huu ni wa kiungo hicho. Nimeuandika kwa ajili ya mpimaji wa Meru na Embu aliyekwisha kuijua kazi ya upimaji wa kawaida, mwenye gari, skana na kisanduku, naye angependa hivyo viwili vya mwisho vifanye kazi kama kifaa kimoja. Na rai yangu, ambayo nitairudia kila tukifika penye bolti au penye waya, ni kwamba vifaa hivi haviwi kimoja kwa kuunganishwa kwa kebo, bali kwa kupewa mwili mmoja na saa moja.

Skana ya lida hutoa miali ya leza, hupima muda ambao kila mwali umetumia kwenda na kurudi, na kwa muda huo hujua umbali. Haijui zaidi ya hapo. Velodyne VLP-16, skana ndogo iliyoenea sana katika kazi hii, ina miali 16 na hupima nukta kama 300,000 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, walakini katika nukta zote hizo hamna hata moja inayojua iko wapi duniani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipokwenda kuyapima magofu ya Kilwa Kisiwani waliisimamisha skana yao juu ya miguu mitatu, ikatulia, ikazunguka, wakaihamisha, ikatulia tena; na msikiti uliosimama karne nyingi una subira hiyo. Barabara kuu haina. Hakuna awezaye kusimamisha miguu mitatu mbele ya magari ya miraa yanayoikimbilia Nairobi, kwa hiyo skana hupanda juu ya paa la gari, gari likaenda, na kila nukta ikapimwa kutoka mahali pengine na kwa mwelekeo mwingine kuliko ile iliyoitangulia.

Hapo ndipo unapohitajika mfumo wa inesha, yaani kile kisanduku. Ndani yake mna vipimamchapuko vitatu, vinavyohisi kila msukumo wa gari, na jairoskopu tatu, zinazohisi kila mgeuko. Na kutokana na mchapuko hupatikana mwendo, na kutokana na mwendo hupatikana mahali, kama nahodha wa jahazi asiyeona pwani alivyokuwa akikadiria alipo kwa dira, kwa mwendo wa chombo na kwa saa zilizopita tangu kung'oa nanga, akayatia yote katika batli yake. Taksiri ya kisanduku ni ile ile ya nahodha, yaani kosa dogo la asubuhi huwa kubwa adhuhuri. Kipimamchapuko chenye kosa la sehemu moja tu katika elfu ya mvutano wa dunia, kikiachwa bila setilaiti kwa sekunde 10, kitakuwa kimepotea karibu nusu mita, na kwa sekunde 60 zaidi ya mita 17, kwa kuwa kosa hilo hukua kwa mraba wa wakati. Setilaiti ndiyo pwani inayoonekana: humrudisha nahodha kwenye kweli kila sekunde, nayo inesha huyajaza mapengo yaliyo baina ya sekunde na sekunde, mara 100 au 200, na kuvuka pale ambapo pwani imepotea kabisa.

Na kwetu hupotea mara nyingi. Barabara ya Embu kwenda Meru imelizunguka bega la mashariki la Mlima Kenya, ikiyakata mabonde ya mito inayoshuka kutoka huko juu, Thuci, Nithi, Mutonga na wenzao, na katika kila bonde gari huteremka mahali ambapo nusu ya mbingu imezibwa na ukingo wa ardhi, na nusu iliyosalia imefunikwa na mikima na mikaratusi. Mpimaji aliyezoea tambarare za Mwea, ambako kisanduku cha bei nafuu hujigamba mchana kutwa, hufika hapa akapata adabu. Ni barabara hii hii, penye daraja la Nithi, ambapo tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria liliacha njia likatumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa, wala haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Na mhandisi anayetaka kuujua mteremko wa pale, na jinsi lami ilivyolala penye kona, anahitaji vipimo vyenye yakini. Ulalo wa kona huhesabiwa kwa sehemu katika mia. Gari likidhaniwa limelala nyuzi 0.1 zaidi ya lilivyolala, hesabu ya ulalo itakosea kwa sehemu 0.17 katika mia, na hiyo, katika lami ya upana wa mita 7, ni zaidi ya sentimita moja baina ya ukingo na ukingo.

Mabaharia walikwisha kuvipa majina vitendo hivi zamani: chombo huenda mrama kinapolala ubavu huu na ubavu huu, huinama omo kikainua tezi, na hugeuza uso kwenda kulia au kushoto. Gari hufanya yote matatu, na kosa katika lolote kati ya hayo hukua kadiri ya umbali: nyuzi 0.1 za uso, kwa nguzo iliyo mita 50 kando, ni karibu sentimita 9, nyuzi 0.01 ni chini ya sentimita moja. Kwa hiyo unapokisoma kijitabu cha kisanduku kabla ya kutoa fedha, zipite kurasa za picha za rangi, utafute mambo mawili, kosa la uso na utulivu wa jairoskopu. Mengine yote ni mapambo, au ni mambo ambayo setilaiti itayarekebisha.

Mintarafu ya uso, wapimaji wa huku wana bahati ambayo wengi hawaijui. Jairoskopu iliyo bora huweza kuitafuta kaskazini ya kweli pasipo sumaku wala setilaiti, kwa kuuhisi mzunguko wa dunia yenyewe, ambao ni nyuzi 15.04 kwa saa, na sehemu ya mzunguko huo inayoelekea kaskazini huwa kubwa kabisa penye Ikweta na hupungua kadiri uendavyo kwenye ncha za dunia, hata kisanduku kile kile kikipelekwa London kosa lake litakuwa kama mara 1.6 ya kosa lake Nkubu. Lakini bahati hii ni ya mwenye mali. Jairoskopu yenye kosa la nyuzi 0.1 kwa saa itaipata kaskazini kwa kosa la karibu nyuzi 0.4, ambalo ni mwanzo mwema tu, na zile za bei nafuu zilizochongwa juu ya silikoni, zenye kosa la nyuzi kadhaa kwa saa, hazitaiona kabisa. Mwenye kisanduku cha namna hii na aongeze antena ya pili juu ya paa, mita 2 kutoka ya kwanza, ili uso upatikane kwa kulinganisha antena mbili. Dira ya sumaku usiitegemee hata kidogo: gari ni chuma, na mawe ya mlima wetu ni ya volkano, yenye sumaku yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mwili. Skana na kisanduku vikae juu ya bamba moja la alumini, nene milimita 10 au zaidi, vikiwa karibu karibu, na kila kimoja kiongozwe na pini mbili zinazoingia kwenye matundu yake pasipo kucheza, ili ukikitoa na kukirudisha kirudi pale pale. Fremu ya kulibeba bamba juu ya paa inaweza kuchomelewa na fundi yeyote hodari wa jua kali, nao wapo Gakoromone mjini Meru. Bamba lenyewe lipeleke kwa mwenye mashine. Nasema hivi kwa kuwa nilipofunga mfumo wangu wa kwanza fundi alinionea huruma. Alikuwa kijana mwenye adabu na mkono mwepesi, na jioni nilipokwenda kuchukua kazi alinionyesha kwa fahari vipande vinne vya mpira alivyovikata kutoka tairi kuukuu.

"Mzee, nimekuwekea mpira hapo chini ya hii ya kuzunguka, ndiyo isiumie na matuta."

"Asante sana, kijana wangu," nikamjibu, nikalipa, wala sikufikiri zaidi.

Kwa majuma mawili kila tuta la barabarani liliitikisa skana kichwa ilhali kisanduku, kilichofungwa moja kwa moja juu ya bamba, kikiapa kwamba hakuna kilichotikisika. Na ukuta wa shule moja, mnyofu kama ukuta wowote, ukatoka katika wingu la nukta una mawimbi kama kanga iliyoanikwa. Kosa halikuwa la kijana, lilikuwa langu, niliyemweleza vipimo nisimweleze sababu. Mpira una mahali pake, napo ni chini ya bamba zima, baina ya bamba na fremu, ili skana na kisanduku vitikisike pamoja kama abiria wawili wa kiti kimoja. Baina ya skana na kisanduku kusiwe na kitu ila bamba lenyewe.

Bamba likishakamilika, pima mikono. Mkono ni umbali, katika pande tatu, kutoka kiini cha kisanduku hadi kiini cha skana, na kutoka kiini cha kisanduku hadi kiini cha kila antena. Viini hivyo haviko katikati ya kifuniko kama macho yanavyodhani, bali mahali palipochorwa katika mchoro wa mtengenezaji, na kosa la sentimita 2 katika mkono ni kosa la sentimita 2 katika kila nukta utakayopima maisha yako yote. Kisha yatazame majina ya pande. Visanduku vingi huhesabu mbele, kulia na chini. VLP-16 huhesabu kulia, mbele na juu. Na programu ya tatu inaweza kuja na mazoea yake mengine. Usibishane na vitabu. Liweke bamba juu ya meza, washa vyote, uinue upande wa omo kwa mkono wako, usome tarakimu ikipanda au ikishuka, ulaze ubavu wa kulia, usome, uligeuze, usome, na uyaandike uliyoyaona. Robo saa ya meza huokoa juma zima la kutafuta kwa nini Meru yote imepinduka.

Kwenye saa nitakaa sana, kwa kuwa chuma kibovu huonekana kwa macho na saa mbovu haionekani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Basi saa ya skana ikiachana na saa ya kisanduku kwa sehemu 10 katika elfu ya sekunde, kila kitu cha barabarani kitasogea sentimita 14, na gari likiwa linakata kona kwa nyuzi 30 kwa sekunde, nguzo iliyo mita 50 kando itahama sentimita 26 zaidi. Hii ndiyo maana ya ile nguzo pacha: wakati wa kwenda ilisogezwa mbele, wakati wa kurudi ilisogezwa mbele vilevile, na mbele ya kurudi ni nyuma ya kwenda.

Dawa yake ni pigo la sekunde. Kipokezi cha setilaiti kilichomo kisandukuni hutoa, kila sekunde inapoanza, pigo moja la umeme katika waya wake wa pekee, na punde baadaye, katika waya mwingine, hutuma sentensi fupi ya herufi na tarakimu. Pigo hunena "sasa", sentensi hunena "hiyo sasa ilikuwa saa fulani", nayo skana ikivipokea vyote viwili huirekebisha saa yake. Waya wa tatu, ambao watu huusahau, ni waya wa ardhi wa pamoja, na pasipo huo pigo huja likipotea kwa kudra ya matuta. Volti ya pigo ilingane na ile inayotakiwa na skana, kasi ya sentensi vilevile, ambayo VLP-16 huitaka iwe 9600, na sentensi isichelewe hata ikaingia katika sekunde ya jirani yake. Lakini mtego mkubwa ni ukingo wa pigo. Pigo lina kupanda na kushuka, na kimoja tu ndicho mwanzo wa sekunde. Ukiiambia skana itumie kingine, itachelewa kwa upana wa pigo zima, tuseme sehemu 100 katika elfu ya sekunde, taa ya kijani itawaka, programu itasema vifaa vimepatana, na kila kitu kitakuwa mita 1.4 mahali pasipo pake. Taa ya kijani ni shahidi wa kuwa pigo limefika, si wa kuwa limeeleweka.

Kisha kuna mambo ya kalenda, yanayochekesha hadi yakupate. Saa ya setilaiti za GPS haizijui sekunde za nyongeza, na tangu tarehe 1 Januari 2017 imeitangulia saa ya kimataifa kwa sekunde 18. Skana, kwa njia ya ile sentensi, hupewa saa ya kimataifa, na kisanduku aghalabu huandika saa ya GPS, na anayezisahau sekunde hizo 18 ameisogeza barabara mita 250. Fauka ya hayo, VLP-16 haiandiki siku wala saa, huandika mikrosekunde zilizopita tangu saa kamili ilipoanza, na kila saa hurudi sifuri, hata programu isiyojua tabia hiyo itaikunja safari yako juu yake yenyewe kama mkeka. Na daftari lako la shamba limeandikwa saa tatu asubuhi, faili inasema 06:00, nazo zote mbili zasema kweli. Liandike daftari kwa saa ya faili, ingawa mkono utakataa siku za mwanzo.

Bolti zimekazwa, saa zimepatana. Bado pembe ndogo zilizo baina ya skana na kisanduku hazijulikani, kwa kuwa hakuna fundi, wa Gakoromone wala wa Ujerumani, awezaye kulichonga bamba hadi nyuzi 0.01 kisha likafungwa kwa bolti lisipinde. Pembe hizo hutafutwa barabarani. Chagua mahali penye anga wazi, lami tambarare, nguzo kadhaa na kuta mbili tatu, mathalan njia zilizo karibu na uwanja wa Kinoru kule Meru, au karibu na Moi Stadium mjini Embu, Jumapili alfajiri kabla ya matatu kuamka. Upite kwenda na kurudi, mara nne au sita, na mara mbili katika hizo upite upande wa pili wa barabara. Kosa la mrama litajionyesha katika lami, ambayo ikikatwa mkato wa kukingama itatoka na nyuso mbili zilizopishana kama makasi. Kosa la omo litaonekana katika lami ya mbali, ikipanda mbele ya gari na kuzama nyuma yake, au kinyume chake. Kosa la uso litaonekana katika nguzo, hasa zile za mbali.

Walakini kabla ya kurekebisha pembe yoyote fanya jambo moja ambalo sijaliona katika vijitabu vya watengenezaji, nalo limenisaidia kuliko yote: pita mahali pale pale kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha kwa kilomita 50. Nguzo pacha zikiachana zaidi gari likienda mbio, kosa ni la saa, wala usiguse pembe. Zikiachana zaidi kadiri zilivyo mbali na barabara, bila kujali mwendo, kosa ni la pembe. Zikiachana sawasawa, karibu na mbali, polepole na mbio, basi rudi kwenye mikono yako, umeipima vibaya. Programu za kurekebisha zenyewe hazina maarifa haya. Ukizipa kosa la saa zitalificha ndani ya pembe, wingu litapendeza siku hiyo, na siku utakayokwenda kwa mwendo mwingine litafumuka tena.

Siku ya kazi yenyewe, kituo cha msingi kiwekwe juu ya alama iliyopimwa vyema, kisiwe mbali na gari zaidi ya kilomita 15 au 20. Na kwa kuwa kutoka Embu hadi Meru ni zaidi ya kilomita 100, kituo kimoja hakitoshi, weka kimoja Embu, kingine Runyenjes, Chuka, Nkubu na Meru mjini, au ukihamishe kila siku. Vituo vya kudumu vilivyoko Kasarani, Nairobi, na Malindi vinafaa kwa kuthibitisha alama zako, si kwa kulifuata gari. Anza mahali wazi, gari limezimwa, dakika 5 pasipo mtu kupanda wala kushuka, kisha endesha kwa kuzunguka mfano wa tarakimu 8, ukikaza mwendo na kufunga breki, ili kisanduku kijijue, ndipo uende. Mwisho wa safari fanya yale yale kinyumenyume. Chini ya miti mirefu punguza mwendo, na penye nafasi salama simama sekunde 20, kwa kuwa gari lililosimama ni ushahidi ambao inesha huutumia kujisuta; illa kwenye daraja la Nithi na miteremko yake usisimame kwa sababu yoyote ya vipimo. Mwenye uwezo na afunge kihesabu mzunguko katika gurudumu la nyuma, akijua kwamba gurudumu likiteleza kwenye tope nalo hudanganya.

Watu watakuuliza. Nilipokuwa nimeegesha gari langu, Probox, kando ya barabara karibu na Chogoria, nikikaza plagi iliyolegea, mzee mmoja mwenye bakora aliitazama skana ikizunguka kwa muda mrefu kabla ya kunena.

"Sasa hii ni ya kupima barabara ama ni ya kupima shamba langu?"

Nilimjibu kwamba ni ya barabara, naye akauliza barabara inaishia wapi na shamba linaanzia wapi, swali ambalo skana, pamoja na nukta zake 300,000, haiwezi kulijibu. Mwombe chifu wa mahali awaarifu watu kabla hujafika.

Ukungu wa Julai hutoa nukta hewani ambazo ni matone. Lami iliyoloa hurudisha mwali dhaifu. Basi miezi ya masika na ya vuli ifanyie kazi ofisini ukiweza. Tena usichelewe barabarani. Baada ya magharibi, hata karibu na usiku wa manane, tabaka la juu la hewa katika nchi za Ikweta huchafuka, mawimbi ya setilaiti yakatetemeka na kukatika, na zaidi katika miezi ya Machi na Septemba. Mpimaji wa Ulaya hupima usiku kwa kuwa magari ni machache, nawe ukimwiga utajaza faili kwa vipande vya safari visivyoungana.

Ofisini, hesabu ya safari ifanywe mbele na nyuma: programu huifuata njia kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, ikazipatanisha mbili hizo, hata katika bonde lisilo na setilaiti kosa lisikue kutoka upande mmoja tu bali lishikwe ncha zote mbili. Uitazame tofauti baina ya mbili hizo, bonde kwa bonde. Hapo ndipo utakapojua ni wapi pa kurudia.

Kisha inakuja Ikweta, ambayo hupita baina ya Nkubu na Meru mjini, na ambayo wageni huipiga picha na wapimaji huiogopa. Eneo letu lote limo katika kanda ya 37 ya UTM, lakini kusini mwa mstari hesabu ya kaskazini huanza kwenye 10,000,000 ikishuka, na kaskazini mwake huanza upya sifuri. Programu ikibadilisha kanda yenyewe, gari lako litaruka mita milioni kumi baina ya shamba moja la chai na la pili yake. Chagua kanda ya kusini kwa kazi nzima, uziache tarakimu zipite 10,000,000, hakuna sheria ya hesabu inayokataza. Ramani kuukuu za Survey of Kenya zimejengwa juu ya Arc 1960, na setilaiti hutumia WGS84, na Ikweta ya zile ramani iko kusini ya Ikweta ya setilaiti kwa kama mita 300; usichanganye hizo mbili katika faili moja. Hali kadhalika usishangae mhandisi akivuta utepe akapata kilomita moja, nawe katika UTM ukapata pungufu ya sentimita kama 36 huko Meru na kama 25 huko Embu: kanda ina kipimo chake, na mwinuko wa mita elfu na zaidi huongeza, wala hakuna aliyekosea. Mkubaliane kwa maandishi, kabla ya kazi, ni kilomita ipi inayolipwa.

Urefu wa setilaiti nao si urefu kutoka usawa wa bahari, na hapa kwetu tofauti yake ni ya mita kadhaa. Tena haiko sawa kila mahali, kwa kuwa mlima wenye kimo cha mita 5,199 una uzito wa kuivuta timazi ya mwashi upande wake. Maji ya mtaro huifuata timazi hiyo, hayaifuati setilaiti. Tumia kielelezo cha usawa wa bahari, na ukithibitishe kwa alama za Survey of Kenya penye mwanzo, kati na mwisho wa kazi.

La mwisho, piga rangi nyeupe alama za msalaba juu ya lami, moja kila kilomita mbili au tatu, uzipime kwa kipokezi cha kawaida, na usizitumie kabisa katika kurekebisha pembe wala njia. Zifiche, kazi ikikamilika ndipo uzilinganishe na wingu, na tofauti utakayoiona, iwe tamu au chungu, ndiyo utakayomwandikia mteja. Na juu ya bamba lenyewe, kwa rangi isiyofutika kwa mvua, andika tarehe ambayo pembe zilipimwa. Siku yoyote bolti moja ikilegezwa, hata kama ni kwa kupangusa vumbi tu, ifute tarehe hiyo kabla hujashuka kutoka juu ya paa.